Tunahakiki Filamu kwa Masikio: Fundi Taa Tumemwacha Gizani

Ndugu zangu, naandika kutoka Huangpu, mashariki ya jiji la Guangzhou.

Leo naomba nichokoze mada ambayo najua wengine mtaona si ya fani yetu. Hoja yangu ni fupi: sisi wasomi wa Kiswahili tunahakiki filamu kwa masikio. Tunasikiliza lugha, tunapima methali, tunahesabu maneno ya Kiingereza yaliyochomekwa, tunabishana kama mhusika anasema Kiunguja au Kiswahili cha Kariakoo, kisha tunaandika kurasa ishirini tukisema tumeihakiki filamu. Hapana jamani. Hapo tumehakiki mchezo wa redio. Picha yenyewe hatujaigusa, na mtu aliyeifanya ionekane hatumjui hata jina: yule fundi umeme anayebeba mataa, anayevuta nyaya, anayesimama nyuma ya mlango ameshika shuka jeupe wakati mhusika mkuu analia.

Nianze na mfano unaotuunganisha na huku niliko. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Niliyoyasikia kwa wenzetu wasomi yote yalikuwa ya sauti: tafsiri imekaaje, midomo inakwenda na maneno au haiendi, waigizaji wa sauti ni Wakenya au Watanzania. Mambo mazuri hayo, siyapingi. Lakini hebu fikirini: hadithi yenyewe ni ya mke, mume na mama mkwe wakigombana sebuleni. Hiyo si ndiyo hadithi ya Bongo movie kila siku? Mada ni ileile, sebule ileile, sofa lilelile. Kwa nini basi mama mkwe wa Kichina unamwona mpaka anavyomeza mate kabla ya kusema, na mama mkwe wetu tunamsikia tu akifoka, uso wake ni kivuli chenye meno?

Jibu la haraka ni kwamba wenzetu wana hela. Hilo nitalirudia baadaye. Kwanza tutazame sebule ya Bongo movie ilivyo kimwanga. Ukuta ni wa krimu au mweupe. Dirisha kubwa liko nyuma ya mwigizaji, na jua la Dar linaingia kwa nguvu zote. Taa, kama ipo, ni moja, imesimamishwa karibu na kamera, inampiga mtu usoni moja kwa moja. Kamera imeachiwa ijipimie mwanga yenyewe. Sasa kamera haina akili ya kujua kwamba tunamtaka mama, si ukuta. Inaona weupe umejaa, inajifunga kidogo ili ukuta usiungue, na uso mweusi unazama. Mwongozaji akiona uso umezama anasema "ongeza taa." Taa inaongezwa palepale mbele. Paji la uso linang'aa kama sufuria, mashavu yanakuwa ya kijivu, pua inapotea. Uso umepata mwanga lakini umepoteza umbo.

Mimi hali hii naiita mkorogo wa taa. Na kama mkorogo wa dukani, huu nao una siasa yake. Hebu angalieni tena filamu za enzi za VCD na DVD muone nani anamulikwa sana. Bibie wa mjini anamulikwa mpaka anakaribia kuwa mweupe, na shangazi aliyetoka kijijini anaachwa gizani. Hakuna aliyeandika hayo kwenye muswada. Yameandikwa kwa waya na balbu. Mhakiki anayesikiliza tu atasema filamu hiyo inatetea mwanamke wa kijijini, kwa sababu maneno yake ya mwisho ni ya hekima. Mhakiki anayetazama ataona filamu ileile imemnyima uso tangu mwanzo. Nani kati yao ameihakiki filamu?

Msinielewe vibaya, tatizo halikuanzia Kinondoni. Tasnia nzima ya picha duniani ilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikisambaza kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na maabara zikasawazisha rangi kwa kumfuata yeye. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2009, ameeleza kwamba msukumo mmoja wa kuboresha filamu hizo ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za hudhurungi hazitofautiani. Yaani makabati yalisikilizwa. Huko Hollywood, Haskell Wexler alipopiga picha za In the Heat of the Night, filamu ya 1967, alilazimika kuubadili mwanga uliozoeleka ili uso wa Sidney Poitier uonekane vizuri. Kwa hiyo tangu zamani ilijulikana kwamba dawa ya ngozi nyeusi si kumwaga mwanga. Ni kuupanga.

Kuupanga maana yake nini? Hapa nitaleta ushahidi wa macho yangu. Wageni wengi tunaoishi Guangzhou tumewahi kuitwa kukaa pembeni kwenye matangazo ya biashara, wale watu wa kujaza nafasi nyuma ya waigizaji. Malipo ni ya siku, chakula cha boksi, na kusubiri kwingi. Mimi niliitwa mara moja kwenye ghala la zamani karibu na mto hapa Huangpu. Waigizaji wawili walikuwa Wachina, nami katikati yao nikijifanya mnunuzi. Mwanga ulikuwa umeshapangwa kwa nyuso zao. Waliponiweka katikati, mkuu wa mataa, mzee wa makamo mwenye glavu za ngozi kiunoni, akatazama kiyoo cha kamera kwa muda, kisha akanisogelea, akauangalia uso wangu kama fundi cherehani anavyoangalia bega. Nikadhani ataongeza taa. Hakuongeza hata moja. Alizima moja ya mbele, akamwita kijana alete ubao mkubwa mweupe wa povu, ule mwepesi wa kufungia friji, akausimamisha ubavuni kwangu, na taa akaielekeza kwenye ubao badala ya kwangu. Halafu akasogeza taa ndogo nyuma ili bega langu liachane na ukuta. Ilichukua kama dakika nane. Nilipoonyeshwa kwenye kiyoo nikajiona mweusi kama nilivyo, na kila pembe ya uso ipo mahali pake.

Siri yake ni rahisi ukishaelezwa. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa kurudisha mng'ao. Ukiipiga kwa nukta moja kali ya taa, inarudisha nukta moja kali, ule mng'ao wa sufuria. Ukiipa kitu kikubwa cheupe ubavuni, inakirudisha kitu hicho chote kama pwani inavyorudisha mbalamwezi, na shavu linapata mteremko. Wati ni zilezile, pengine chache zaidi. Kilichobadilika ni maamuzi ya fundi.

Na fundi huyo hakusomea chuo kikuu. Huku China watu wa mataa wanaitwa kwa utani dengye, yaani tuseme babu wa taa, utani wenye heshima ndani yake. Wengi wao wanatoka wilaya moja ya wakulima, Yanling, mkoani Henan. Mmoja alitangulia kwenye studio, akamvuta ndugu, ndugu akamvuta jirani, kijana akaanza kwa kubeba nyaya, akahamia kwenye stendi, akaruhusiwa kugusa taa, akaja kuwa mkuu wa mataa naye akawavuta wengine. Si ndo utaratibu wetu wenyewe huo? Ndivyo tulivyopata mafundi seremala wa Zanzibar na mafundi magari wa Gerezani. Fundi na mwanafunzi wake, kazi kwa vitendo, siri ya kazi ikipokezanwa. Tunao utamaduni huo tayari. Ajabu ni kwamba kwenye filamu tumeukataa, tunamchukua kijana yeyote aliye karibu tunamwambia "shika taa."

Sasa nirudi kwenye hela. Huku kusini mwa China ndiko zinakotoka taa nyingi za LED za filamu zinazotumika duniani. Godox na Aputure ni kampuni za Shenzhen, jirani zetu tu. Hapa hapa Huangpu kuna kiwanda cha LG Display cha vioo vya OLED vya televisheni, kilichofunguliwa mwaka 2019, vile vioo ambavyo kila nukta inawaka na kuzimika yenyewe, kwa hiyo cheusi kinakuwa cheusi kweli. Bandari nayo ipo. Kwa sababu hiyo sisi tunaoishi huku tunapata ujumbe kila wiki: "Kaka, nitumie taa mbili kali, nataka picha yangu iwe kama ya Hollywood." Na taa zinatumwa. Lakini angalieni kinachotokea zikifika.

Plagi ya Kichina ina meno bapa yaliyokaa mshazari. Soketi zetu, Tanzania na Kenya, ni za meno matatu ya mraba. Haviingiliani. Basi mjuaji anaikata plagi, anachuna waya, anachomeka ncha tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Mnacheka, lakini wote mmeona. Waya wa tatu, ule wa ethi, anaukunja pembeni kwa sababu "hauna kazi." Taa ina bodi ya chuma. Sakafu imepigwa deki ili ing'ae kwenye picha. Fundi yuko pekupeku kwa sababu mwenye nyumba kasema msikanyage zulia na viatu. Hebu niambieni, ikitokea waya umechubuka ndani, umeme utapita wapi kwenda ardhini? Utapita kwenye mwili wa kijana huyo. Waya wa ethi na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja zaidi ya miliampia 30 ndivyo vinavyomrudisha mtu kwa mama yake jioni.

Kuna na hesabu ambazo fundi taa lazima azijue kichwani kama muuza duka anavyojua chenji. Plagi yetu ya nyumbani ni ya ampia 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000, basi. Taa mbili za zamani za wati 2,000 zinafikisha wati 4,000, zaidi ya ampia 17. Zichomeke kwenye eksitensheni moja: aidha fyuzi inakatika, au, kama kuna aliyeondoa fyuzi akaweka kipande cha waya, eksitensheni yenyewe ndo inayeyuka. Na ile eksitensheni ya kuviringisha ikiachwa imejiviringa, joto halina pa kutokea. LED zimepunguza mzigo huu sana, lakini hazijafuta hesabu. Tano za wati 600 zinakurudisha palepale. Tena yote haya tunayafanya kwa LUKU ya mwenye nyumba, anayechungulia uniti zake zinavyokimbia.

Halafu kuna ile mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, mnaijua. Umeme wetu, kama wa huku China, ni wa hezi 50, na taa za bei ya chee zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ikiwa kamera imeachwa na mipangilio ya Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, mapigo hayaendani na mistari inatokea. Dawa ni kuiweka shata ya kamera kwenye sehemu ya 50 ya sekunde. Gharama yake ni sifuri. Kwa hiyo hoja ya umasikini haitoshi, ndugu zangu. Ubao wa povu ni wa kuokota, shuka jeupe lipo kila nyumba, shata ni bure, na kumsogeza mwigizaji hatua mbili kutoka dirishani hakuhitaji mfadhili. Tunachopungukiwa ni mtu anayejua, aliyelipwa, na anayesikilizwa anaposema "subirini."

Na pale anaposikilizwa, matunda tunayaona. Siri ya Mtungi, tamthilia ya mwaka 2012 ya Media for Development International, ilionyesha kwamba nyuso za Waswahili sebuleni na uani zinaweza kuwa na umbo na rangi zao. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, mwaka 2018, imejengwa juu ya rangi za waridi na zambarau. Ubishi kuhusu filamu ile ulikuwa wa maadili na marufuku, na wahakiki wakasahau kusema kwamba mapenzi ya wasichana wale yanasemwa kwa taa kabla hayajasemwa kwa mdomo. Ukiipenda au ukiichukia hadithi yake, huwezi kuieleza bila rangi zile.

Mfano unaotuhusu zaidi sisi ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Hapa wote tunajifanya wataalamu maana riwaya tumeifundisha. Tukakimbilia kulinganisha: kipi kimeachwa, Denge wa kitabuni na Denge wa kwenye kioo, Yasmini kapunguzwa au kaongezwa. Nani ameuliza swali la mwanga? Hadithi ni ya Unguja ya miaka ya 1950, na siasa yake inafanyika usiku, vichochoroni, kwa watu wanaojificha. Maana yake fundi taa anatakiwa atumie umeme kuuficha umeme: nuru yake ionekane kama ya kandili, ya karabai, ya mwezi juu ya mabati. Akimwaga mwanga mwingi, wanaharakati hawajifichi tena, na hofu yote ya hadithi inakufa. Akimwaga kidogo mno, tunarudi kwenye vivuli vyenye meno. Huo ndio ufasiri wa riwaya, jamani! Mwandishi anaandika neno "usiku," moja tu, na fundi taa anatakiwa aamue ni usiku wa aina gani. Tungekuwa tunajadili tafsiri ya neno hilo kwenda Kijerumani tungeandika makala matatu.

Najua mwenzangu mmoja atasema: lakini anayeamua picha ni mwongozaji na mpiga picha, fundi taa anatekeleza tu. Sawa, kama vile mwashi "anatekeleza" mchoro. Mpiga picha anasema anataka asubuhi inayoingia dirishani. Fundi taa ndiye anayejua asubuhi hiyo itatoka kwenye taa ipi, ya wati ngapi, kwa waya wa unene gani, isimamishwe wapi isimwangukie mtoto wa mwenye nyumba. Uamuzi wa mmoja hauonekani bila uamuzi wa mwingine. Na kwenye seti zetu nyingi mpiga picha ndiye huyohuyo mhariri na dereva, kwa hiyo mwanga unabaki mikononi mwa kijana ambaye hata majina ya mwisho wa filamu hayamtaji.

Hapo ndipo lawama yangu inapoturudia sisi. Watayarishaji wanatengeneza kile wanachosifiwa. Kama kila uhakiki unasifu hadithi na lugha, hela itakwenda kwa nyota na kwa muswada, na taa itashikwa na mpita njia. Hata neno la kumwita mtu huyu hatujakubaliana: wengine fundi umeme, wengine fundi taa, wengine mtu wa mataa, wengine wanamtumbukiza kwenye fungu la fundi mitambo pamoja na wa sauti. Sisi wenye kamusi tumekaa kimya. Mimi napendekeza fundi taa, na mkubwa wao aitwe mkuu wa mataa. Mwenye neno bora alilete.

Napendekeza na mengine mawili. Kwanza, mtu akihakiki filamu ya Kiswahili, amtaje aliyesimamia mwanga. Kama jina halimo kwenye filamu, aseme wazi kwamba halimo, kama tunavyosema kitabu hakina mwaka wa kuchapishwa. Aibu hiyo itafanya kazi. Pili, tunaotuma taa kutoka huku tusitume taa peke yake. Tutume na plagi ya meno matatu iliyofungwa vizuri, waya wenye ethi, na kifaa cha kukata umeme. Asiyetaka kulipia hivyo tumwambie taa hatutumi.

Na kabla hamjanijibu, naomba kila mmoja achague Bongo movie moja anayoipenda, azime sauti kabisa, aitazame dakika kumi. Kisha aje aniambie nani alikuwa analia, na alijuaje.

Nawasilisha.